Mpira uliolala na mpira unaokuja

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa fupi: je, kipa aanzishe mchezo kwa pasi fupi kutoka langoni mwake, au aubutue mpira mbele wenzake wakaugombanie? Najua wengi watawaandikia kuhusu Manchester City na pasi fupi za aliyekuwa kipa wao, Ederson. Mimi nilikaa golini miaka 14, na sasa nafundisha makipa wa timu ya mtaa hapa Kakamega, kwa hiyo nitaanza na kwato za ng'ombe.

Uwanja tunaochezea ni wa shule ya msingi. Watoto wakishatoka, ng'ombe huingia. Huku kwetu mvua hupenda kunyesha alasiri, basi ng'ombe hukanyaga tope laini wakila, na jioni wanaondoka wameshiba. Jua la siku mbili tatu likipiga, kila alama ya kwato inakuwa kikombe cha udongo mgumu. Boksi la upande wa barabara ndilo lenye vikombe vingi, maana nyasi za hapo ndizo tamu, ama ndivyo ng'ombe wanavyoona. Mpira ukipita hapo unajiamulia wenyewe pa kwenda.

Jumapili tatu zilizopita tulikuwa tunaongoza 1-0, zimebaki kama dakika kumi. Beki wetu wa kati, ambaye hakuna aliyekuwa amemsogelea, akamrudishia kipa mpira. Kipa wetu ni kijana wa bodaboda, ana mguu wa kulia mzuri kuliko viungo wengi ninaowajua. Nilikuwa nimesimama nyuma ya goli, karibu na mlingoti wa kushoto. Pasi ilikuja taratibu, ya chini, nzuri kabisa kwa macho. Kijana akageuza mwili, akainua kichwa kumtafuta beki wa pembeni. Hatua moja kabla ya kumfikia, mpira ukaingia kwenye kikombe cha kwato, ukaruka, ukapita juu ya kiatu chake. Akageuka akaukimbiza huku mikono ameiinua, kana kwamba mpira ni kaa la moto. Ukavuka mstari polepole, sote tukiutazama.

Mashabiki walimwangukia yeye. "Si ulisema wewe ni Ederson!" "Mara ngapi tunakuambia, toa hiyo kitu!" Beki aliyerudisha mpira alikuwa ameinama anafunga kamba za njumu, kamba ambazo hazikuwa zimefunguka.

Baada ya mechi tulikaa chini ya mti nikamuuliza kwa nini hakuudaka. Akaniangalia kana kwamba nimerukwa na akili.

"Kocha, si ningetoa penalti?"

Hapana. Kipa akishika ndani ya boksi lake pasi ya mguu aliyorudishiwa na mwenzake, adhabu ni mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja, na hapewi kadi, hata kama mpira ulikuwa unaingia golini. Mnasimama watu 11 juu ya mstari wa goli na mnaomba Mungu. Nimeokoka hivyo mara mbili maishani. Wachezaji wengi wa mitaani hawalijui hilo, na marefa wawili watatu wameshanibishia mpaka nikawaonyesha sheria kwenye simu.

Lakini turudi kwenye swali. Watu wakisema "kipa kucheza kutoka nyuma" wanatia gunia moja mahindi na mawe. Kuna mpira uliolala na kuna mpira unaokuja. Mpira wa goli, ule kipa anaouweka chini baada ya wapinzani kuutoa nje, umelala. Nautafutia mahali pasipo na kikombe, nautuliza kwa mkono, narudi nyuma hatua zangu, naangalia nani yuko wapi. Mpira ulio mkononi nao ni wa kwangu, naweza kuurusha au kuubingirisha kwa beki wa pembeni. Pasi ya nyuma ni kitu kingine kabisa. Hiyo inakuja na kasi aliyoamua mtu mwingine, juu ya ardhi ambayo hakuna aliyeikagua, mara nyingi na straika akiifuata nyuma kama mbwa.

Jibu langu kwa timu za viwanja kama vyetu ni hili: uliolala, cheza. Unaokuja, ondoa. Na ukiona goli la aibu la kipa, kabla hujamtukana, rudisha macho pasi moja nyuma uone mpira ulitoka kwa nani.

Chukueni fainali ya Kombe la Dunia 2018. Hugo Lloris, nahodha wa Ufaransa, alitaka kumpiga chenga Mandžukić, straika wa Kroatia, mbele ya goli lake, akaporwa, likawa goli. Ufaransa ilikuwa imeshafunga manne, ikashinda 4-2, basi watu wakacheka yakaisha. Wachache wanakumbuka kwamba mpira ulianza kwa pasi ya nyuma ya beki wake, Umtiti. Higuita, kipa wa Kolombia naye, kwenye Kombe la Dunia la 1990 pale Napoli, alipokezana mpira na beki wake mbali kabisa nje ya boksi, akajaribu kumzunguka Roger Milla wa Kamerun. Milla akamwibia, akaenda kufunga, na Kamerun ikaingia robo fainali kwa ushindi wa 2-1. Siku ile hakuna Mwafrika aliyeuliza nani alimpa Higuita mpira, na mimi sikuuliza. Nilikuwa narukaruka mbele ya televisheni ya jirani.

Sitaki kuwatetea makipa wote. Februari 2021 Alisson, kipa wa Liverpool, aliwapa Manchester City mabao mawili mazuri kwa pasi zake mwenyewe, Anfield ikiwa tupu kwa sababu ya korona, bila hata shabiki mmoja wa kumchanganya. Wakafungwa 4-1. Ile ni ya Alisson.

Kwa nini basi tujisumbue? Mbona tusibutue tu kama babu zetu? Nitaeleza kwa hesabu rahisi. Wapinzani wakija kutubana, kipa wao hubaki golini kwake. Kwa hiyo wanaweza kuleta watu kumi, sisi tuko 11. Kipa akijua kutumia miguu, siku zote kuna mwenzetu mmoja asiye na mtu wa kumkaba. Wakitaka kumfunika na huyo, lazima waache nafasi mahali pengine, na kwa kawaida nafasi hiyo iko nyuma ya mabeki wao. Agosti 2018, City wakiwafunga Huddersfield 6-1, Ederson alipiga mpira mrefu mmoja ukampita kila mtu hadi kwa straika wao Agüero, naye akauchopa juu ya kipa. Watu husema Ederson ni bingwa wa pasi fupi. Pasi fupi kwake ni chambo. Samaki wakishajaa karibu na boti, ndoano inatupwa mbali. Kipa mwenye pasi fupi peke yake ana chambo bila ndoano, na timu zenye akili humgundua kabla ya mapumziko.

Sheria nazo zimekuwa zikimsukuma kipa kwenye miguu tangu nikiwa mvulana. Marufuku ya kudaka pasi ya nyuma ilitoka 1992, nikiwa kidato cha pili. Kabla ya hapo, timu ikiongoza, kazi yangu ilikuwa kula dakika: nambingirishia beki, ananirudishia, nadaka, namwangalia refa kwa heshima, nambingirishia tena. Habari za sheria mpya hazikutufikia haraka. Katika mechi moja ya shule nilidaka pasi ya beki kama kawaida, refa akapuliza, na sisi sote tukageuka kutafuta nani amecheza faulo. Refa akaweka mpira kwenye mstari wa boksi dogo. Mwalimu wetu wa michezo aliingia uwanjani na mwavuli mkononi kubisha. Tulifungwa hapo hapo, na mwalimu akaniambia tangu leo nijifunze kupiga mpira kama mtu mwenye miguu.

Halafu 2019 wakabadilisha mpira wa goli. Zamani mpira ulikuwa lazima utoke nje ya boksi ndipo mtu mwingine auguse. Sasa ukipigwa tu ukasogea, mwenzako anaweza kuupokea akiwa ndani ya boksi, na wapinzani wanatakiwa kukaa nje mpaka upigwe. Kwa sisi wa viwanja vibovu mabadiliko hayo yalikuwa zawadi, ingawa wengi hawajaifungua. Kutoka mstari wa boksi kubwa hadi mstari wa boksi dogo ni mita 11. Straika mwenye mbio atazimaliza kwa sekunde mbili hivi. Beki wangu akipokea mpira uliotulia, kwenye sehemu tuliyoichagua sisi, sekunde mbili zinatosha kuutoa. Lakini mpira ukimrukia akahitaji kuugusa mara ya pili ili autulize, muda umekwisha, straika ameshafika. Pasi fupi hukununulia muda, kwato za ng'ombe hukunyang'anya. Penye nyasi za kukatwa, kama uwanja wa Bukhungu hapa Kakamega, biashara hiyo ina faida. Kwetu inategemea ni upande gani wa uwanja.

Na tangu 2025 kuna hii ya sekunde nane. Kipa akikaa na mpira mkononi zaidi ya hapo, wapinzani wanapewa kona, na refa anahesabu tano za mwisho kwa vidole, mkono umeinuliwa. Kijana wetu ameshaadhibiwa mara moja. Alikuwa anangoja mabeki wapande juu ili abutue vizuri. Kwa hiyo hata mwenye kubutua sasa hana raha.

Kubutua kwenyewe kuna gharama ambayo watu hawaihesabu kwa sababu haina aibu. Mpira mrefu ukienda kwa mabeki wao warefu, wakaupiga kichwa, ukarudi, tukafungwa dakika moja baadaye, hakuna atakayesema kosa ni la kipa. Straika wetu ni mfupi, ana mbio lakini mfupi. Kumpelekea mpira wa juu ni kuwapa wapinzani mpira kwa njia ya adabu.

Hata hivyo, kuna siku moja tuliutumia mpira mrefu kwa akili, na nitaisimulia kwa sababu inanifurahisha. Ukipokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye mpira wa goli, hakuna ofsaidi. Tulikuwa uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, kwenye udongo mweusi ulionyauka ukapasuka nyufa za kuingia kidole, pasi fupi haiwezekani kabisa. Nikamwambia straika asimame nyuma ya mabeki wao, peke yake na kipa wao. Mabeki walimcheka, mmoja akainua mkono kuomba ofsaidi kabla mpira haujapigwa. Kipa wetu akaupiga, upepo wa kutoka ziwani ukausukuma, ukadunda mara moja, goli. Ubishi ulichukua dakika tano. Mzee mmoja pembeni alisema anajua mpira tangu enzi za mkoloni na hajawahi kuona wizi kama huo. Refa, Mungu ambariki, alikuwa ameisoma sheria.

Hapa nyumbani tumekubaliana hivi. Mpira wa goli tunaanza mfupi upande wa mashariki ambako ardhi iko sawa, na upande wa barabara tunaupiga mrefu pembeni. Kipa akidaka krosi, asikimbilie mstari wa boksi, aangalie kwanza beki wa pembeni wa upande ambao mpira haukutoka, maana huko ndiko kuna nafasi. Beki akilazimika kurudisha mpira, aurudishe nje ya mlingoti, kamwe asiulenge goli. Kipa akiukosa iwe kona. Hili la mwisho nilikuwa nalisema tangu mwaka jana, ila ilibidi tufungwe goli lile ndipo likasikika. Na pasi ya nyuma ikifika, kipa haruhusiwi kuituliza upande wa barabara. Mguso mmoja, ukingoni, tutukanwe kwa kukosa ufundi.

Kijana mwenyewe hafurahii. Ananiambia, "Kocha, unaninyima mchezo." Ana haki. Ana mguu ambao mimi sikuwahi kuwa nao, na akipata uwanja wa nyasi nitamfungulia mlango wote. Wiki iliyopita nilimkuta mazoezini peke yake saa kumi na mbili asubuhi, pikipiki ameiegesha nyuma ya goli, anaupiga mpira ukutani pa choo cha shule na kuupokea, mguu wa kushoto tu, kwenye udongo wenye vikombe. Sikumsemesha.

Jumamosi jioni tutakuwa wawili pale na jembe na toroli la mchanga, tunafukia kwato ndani ya boksi la upande wa barabara. Mwenye ng'ombe tumeshamwomba awafunge mbali wiki za mechi. Amesema atajaribu, ila mmoja wao, yule mwekundu, hufungua mlango wa uwanja kwa pembe.

Msomaji wenu, Kakamega