Mtoto wa mashoto: kabla hujamchapa mkono

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ni mtu wa mashoto. Kila mwaka wa masomo unapoanza, wazazi hunijia na swali lilelile: "Mwalimu, huyu tumrekebisheje?" Kuandika, mwacheni aandike kwa kushoto. Kula na kupeana vitu, mfundisheni kutumia mkono wa kulia kama ndiyo desturi ya kwenu, ataweza. Adabu ni jambo moja, kazi ya mkono ni jingine.

Tunayachanganya kwa sababu lugha imetangulia kuyachanganya. Mkono wa kulia ni wa kulia chakula. Wazee huuita pia wa kuume, na wa kushoto ukawa wa kike. Anayeapa hula yamini, na yamini kwa Kiarabu ni mkono huohuo wa kulia. Mtoto anakua akisikia upande mmoja umepewa chakula, nguvu na kiapo. Wenzetu nao ni vivyo hivyo. Sinister, neno la Kilatini la kushoto, limeingia katika Kiingereza likiwa na maana ya shari. Kwa Kifaransa, gauche ni kushoto, na pia ni mtu asiye na ustadi, wakati droit ni kulia na ni haki. Wagiriki wa kale waliuita upande wa kushoto euonymos, yaani wenye jina jema, kama sisi tunavyomwita nyoka kamba usiku ukiingia, kwa kuogopa kumtaja.

Hofu hiyo ndiyo inayomwangukia mtoto wa darasa la kwanza. Karibu mtu 1 kati ya 10 duniani ni wa mashoto. Darasa la watoto 60 huenda likawa nao 6. Mkosi gani huo wa kugawiwa watu wengi hivyo? Wazazi Wakristo huwa nawafungulia Waamuzi 20: Wabenyamini 700 wa mashoto, kila mmoja alikuwa akilenga unywele kwa jiwe la kombeo bila kukosa. Na jina Benyamini maana yake ni mwana wa mkono wa kuume!

Darasani, mkalishe mwisho wa dawati upande wa kushoto, kiwiko chake kisigongane na cha jirani. Daftari liinamishe kidogo, kona ya juu ya kushoto ipande kuliko ya kulia, na mkono ukae chini ya mstari, usijikunje juu yake. Kalamu aishike juu kidogo ya ncha ili aone anachoandika. Maandishi yakichafuka usimwite mchafu: mkono wake unapita juu ya wino ambao haujakauka. Mtoto huyohuyo akiandika Kiarabu kwa kushoto, kutoka kulia kwenda kushoto, ukurasa unabaki safi.

Mkasi ni hivyohivyo. Mikasi mingi imetengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia, na ukiushika kwa kushoto ubapa wa juu unakuficha mstari unaoukata. Akikata ovyo, mtafutie mkasi wa mashoto, au mwache achane karatasi kwa rula.

Nawe mzazi, nenda ukaonane na mwalimu wake wiki ya kwanza, na bibi anayeshinda naye nyumbani umweleze vilevile. Mtoto akiachiwa kalamu shuleni kisha akapokonywa nyumbani, ataandika polepole kwa mikono yote miwili.