Video ya wima kwenye TV iliyosimamishwa: geuza faili, usihangaike na kisanduku

Mkuu, umesema TV ya dukani umeisimamisha wima, tangazo nalo ni la wima, ila kisanduku cha TV, kile kinachocheza video, kinalionyesha limelala, tena jembamba, na weusi juu na chini. Kisanduku hakijui kwamba TV imesimama. Kwake skrini bado ni 1920 kwa 1080, kwa hiyo video ya 1080 kwa 1920 inabanwa mpaka upana wa pikseli 608 hivi ili itoshe kimo.

Yalinikuta kwenye duka la dawa. Video ya kwanza nilirekodi kwa simu, nikaitia kwenye flashi, na mfamasia akatokea miguu juu kama popo. Simu nyingi huhifadhi picha ikiwa imelala, halafu huweka ndani ya faili alama ya kuigeuza nyuzi 90, na kisanduku changu hakikuwa kinaisoma. Nikapanda ngazi na kijana wa duka, tukaishusha TV na kuipachika upande wa pili. Ikakaa sawa, nikajiona fundi kweli.

Wiki iliyofuata likaja tangazo la mbunifu, 1080 kwa 1920 halisi. Sauti inasikika, skrini nyeusi tii! Chipu ya kisanduku ilikuwa haipokei picha yenye kimo kinachozidi pikseli 1088. Nikaingia kwenye mipangilio nikazungusha skrini: menyu ikasimama vizuri, video wala haikushtuka.

Nilichofanya, na ndicho ninachofanya mpaka leo, ni kulaza video yenyewe kwenye kompyuta kabla ya kuipeleka, kwa ffmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa kuandika amri:

ffmpeg -i tangazo.mp4 -vf transpose=2 -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p -c:a copy tangazo_lala.mp4

Namba 2 ya transpose ni kama TV umeizungusha kufuata mshale wa saa. Kama ni kinyume, weka 1. Video ya simu nayo usiihofie, ffmpeg inaisoma ile alama yenyewe kwanza. Ukikosea upande, badilisha namba. Ngazi iache stoo. Jaribu na kipande cha sekunde kumi, kwa sababu lazima video isimbwe upya (iandikwe upya picha kwa picha) na kompyuta ndogo huchukua muda.

Halafu hilo faili lililolazwa usimtumie mteja kwa WhatsApp. Wangu alinipigia saa nne usiku, eti nimemharibia tangazo.