Ukijenga programu peke yako, ipe kazi moja

Programu ya kwanza niliyoijenga peke yangu ilikuwa ya wenye maduka. Niliijaza kila kitu: stoo, mauzo, grafu za mwezi, hadi kujisajili kwa barua pepe. Miezi saba ya kukesha. Nikampelekea mama mwenye duka mtaani kwetu, Mbagala, nikakaa juu ya kreti la soda nimtazame anavyoitumia.

Akakwama kwenye barua pepe, kwa sababu hana. Wakati namsaidia akaja mtoto kuchukua sukari nusu kilo: "Mama kasema uandike." Simu ikawekwa pembeni. Akavuta kaunta buku, akalamba kidole, akafunua ukurasa wa yule jirani, akaandika. Hata sekunde kumi hazikufika. Kisha akaniambia, "Mwanangu, mimi nataka kujua namdai nani. Hayo mengine ninayo kichwani."

Nilirudi nyumbani nikafuta karibu vyote. Yakabaki majina, kiasi, na kitufe cha "kalipa". Wewe unayeanza, kaa na mwenye kazi yake kabla hujaandika hata mstari mmoja wa msimbo, kisha shindana na kaunta buku lake. Kama kalamu bado inakushinda kwa haraka, hujamaliza.

Udogo unakupunguzia mengi. Bila akaunti wala seva huna bili ya kila mwezi. SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa kwenye simu yenyewe, imo ndani ya Android tayari, na deni linaandikika hata bando likiisha. Simu ya yule mama ilijaa video za WhatsApp, kwa hiyo programu nzito ingekuwa ya kwanza kufutwa.

Ila data ikikaa kwenye simu tu, dhamana yote ni yako, na hapo ndipo nilipoumiza watu. Kwenye toleo la tatu, ambalo nilikuwa nawagawia mkono kwa mkono, niliongeza tarehe ya kulipa. Natumia Room, maktaba ya Android ya kufanyia kazi na SQLite, na tangu mwanzo nilikuwa nimeuacha mstari wa fallbackToDestructiveMigration, unaoruhusu hifadhidata nzima ifutwe pale muundo unapobadilika bila maelekezo ya kuihamisha data ya zamani. Kwenye simu yangu sikuona tatizo, maana kila mara nilikuwa nafuta na kusakinisha upya. Kwa mama yalipotea majina 43. Alinyamaza, kisha akatoa kaunta buku chini ya meza. Alikuwa anaandika kote kuwili. Wenzake wawili walishaacha daftari.

Sasa nina simu kuukuu yenye toleo la kwanza kabisa na mamia ya madeni ya kubuni. Kila toleo jipya napandisha juu yake bila kufuta. Fanya hivyo, na weka kitufe cha kujitumia nakala ya madeni.

Play Store unalipa dola 25 mara moja tu. Apple ni dola 99 kila mwaka. Akaunti binafsi za Play Store zilizofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023 hutakiwa pia kuwa na wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuitoa programu kwa umma. Wengi hubadilishana wajaribu kwenye magrupu, mtu anasakinisha na hafungui tena. Nakusihi tafuta wenye maduka 12. Wangu niliwapata kwa kutembea kwa miguu siku tatu, na mmoja wao, muuza mkaa, ndiye aliyenionyesha kwamba kwa kidole chenye masizi "kalipa" na "futa" vimekaribiana mno. Nilivitenganisha usiku uleule.