Pesa taslimu kwa kaya maskini: haziishii kwenye pombe

Wengi huuliza kama kaya maskini zikipewa pesa taslimu zitaishia kuzinywea pombe. Hapana. Utafiti wa wachumi Haushofer na Shapiro huko Rarieda, Kenya (pesa zilitumwa kwa M-Pesa 2011–2012, matokeo yakachapishwa 2016) haukukuta ongezeko la matumizi ya pombe wala sigara. Kinachogeuza mipango ya familia ni namna ya kulipa. Waliolipwa kila mwezi walipata nafuu zaidi ya chakula; waliopewa kwa mkupuo walinunua vya kudumu, mabati kwa mfano. Na mabati si anasa, maana paa la nyasi hudai kuezekwa upya kila mara.

Ila malipo ya mwezi nayo hujenga kitu yakiwa ya muda mrefu. Katika jaribio jingine hukohuko Kenya, walioahidiwa malipo kwa miaka 12 walizungusha pesa hizo kwenye chama, yaani kikundi cha kuchangiana kwa zamu; zamu yao ikifika wanapata mtaji. Wa miaka 2, kwa kiasi kilekile cha mwezi, hawakufungua biashara kwa kasi hiyo.

Je, pesa hizo hupandisha bei za bidhaa? Katika utafiti wa vijiji 653 huko Siaya, Kenya, bei zilipanda takriban 0.1% tu. Kijiji kisichofikiwa na magari ya bidhaa ni hesabu nyingine.