Ukitaka Kununua Gari la Misuli Pamoja na Baba Yako

Ninaishi katika jimbo la Michigan, mahali ambako magari ya misuli, yaani magari ya Kimarekani ya miaka ya 1960 na 1970 yenye injini kubwa za silinda nane, yalibuniwa na mengi yao kuundwa, na kila majira ya joto yanapokaribia huulizwa swali lilelile na Waswahili wenzangu ambao wazazi wao wameanza kuzeeka: baba amependa magari ya zamani ya Kimarekani maisha yake yote, sasa tumejaliwa akiba kidogo, je, tununue lipi? Huwajibu kwamba wanunue gari ambalo mzee ataweza kulifungua, kulitengeneza na kuliendesha yeye mwenyewe akiwa na mtoto wake pembeni, hata kama silo linalopigiwa kelele minadani.

Baba yangu alifika Michigan kutoka Mombasa mwaka 1974 kuja kusoma, miezi michache baada ya nchi za Kiarabu kuzuia mafuta yao yasiuzwe Marekani mnamo Oktoba 1973, na ndiyo sababu mwanafunzi asiye na kitu aliweza kumiliki gari la silinda nane. Miaka kumi kabla ya hapo, wahandisi wa Pontiac, tawi la kampuni ya General Motors, wakiongozwa na John DeLorean walikuwa wamechukua injini ya inchi za ujazo 389, yaani takriban lita 6.4, wakaiweka ndani ya gari la ukubwa wa kati aina ya Tempest, na kwa kuiuza kama nyongeza ya hiari wakaikwepa kanuni ya General Motors iliyowekea mipaka ukubwa wa injini katika magari ya aina hiyo. Gari hilo la mwaka 1964 liliitwa GTO, na kampuni nyingine zikalifuata mbio, hata kufikia mwaka 1970 Chevrolet ilikuwa ikiuza Chevelle SS yenye injini ya inchi 454 iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 450. Kisha mambo yakageuka kwa haraka: kampuni za bima zikapandisha ada kwa vijana, sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ikazibana injini, na mafuta yalipoadimika watu wakayakimbia magari hayo kana kwamba yana ugonjwa, na bei zake zikaanguka. Baba akanunua Pontiac LeMans ya mwaka 1968 iliyokwishatumika, akaiendesha hadi chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji ilipoila yote. Nilikua nikimsikia akiizungumzia, na alipostaafu tulitafuta nyingine ya mwaka uleule.

Watu hushangaa kwamba hatukununua GTO. LeMans na GTO za mwaka 1968 ni ndugu wa tumbo moja: chesisi ni ileile, milango ni ileile, na spea nyingi zinaingiliana. GTO kwa kawaida ilikuja na injini ya inchi 400 inayougandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli zaidi ya mara 10, ambayo hudai petroli ya daraja la juu, ilhali LeMans yetu ina injini ya inchi 350 yenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ya midomo miwili na nguvu za farasi 265, nayo hunywa petroli ya kawaida bila injini kugonga, yaani bila petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda. (Nguvu hizo zilipimwa kwa utaratibu wa zamani, injini ikiwa juu ya meza bila ekzosi yake kamili wala mizigo yake mingine. Kuanzia mwaka 1972 utaratibu ulibadilika, kwa hiyo msizilinganishe na takwimu za magari ya leo.) Tofauti ya bei kati ya ndugu hao wawili ni kubwa mno, na fedha tulizookoa ndizo zilizolipia breki, tairi na bodi. La muhimu zaidi ni kwamba baba haogopi kuligusa gari letu. Nimewaona wazee walionunuliwa na watoto wao gari la thamani kubwa kiasi kwamba hawathubutu kulitoa nje kukiwa na wingu angani, na sioni raha iliyomo humo.

Mkiamua kwamba lazima iwe GTO, basi someni nambari ya chesisi kabla ya kuisikiliza injini. Nambari za Pontiac za miaka hiyo zina herufi na tarakimu 13, na kuanzia mwaka 1966 GTO halisi huanza na 242, wakati LeMans ya mwaka 1968 huanza na 237. Magari mengi ya 237 yamevalishwa nembo za GTO na kuuzwa kwa bei ya GTO. Kwa magari ya mwaka 1964 na 1965 nambari haiwezi kuwasaidia, kwa kuwa GTO ilikuwa bado ni nyongeza tu, na hapo mtahitaji nakala ya ankara ya kiwandani, ambayo hupatikana kwa kuiomba Pontiac Historic Services. Chevelle SS ya mwaka 1970 ina tatizo hilohilo, na ushahidi wake mara nyingi ni karatasi ya kiwandani iliyosahaulika juu ya tangi la petroli au chini ya kiti cha nyuma.

Hata hivyo, karatasi safi haizuii kutu, na kutu ndiyo itakayoamua kama safari yenu itakuwa ya furaha au ya kumaliza akiba. Injini ya Kimarekani ya silinda nane ni rahisi kufunguliwa na spea zake zimejaa madukani. Bodi iliyooza ni kazi ya fundi bodi wa miezi mingi, naye hulipwa kwa saa. Nendeni na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, mkaipitishe polepole kwenye kingo za matao ya magurudumu ya nyuma, chini ya milango na kuzunguka kioo cha nyuma, kwani mahali isiposhika pana pati, yaani kijazio cha kufunika mashimo, chini ya rangi. Inueni zulia la buti. Laleni chini ya gari, mkapige chesisi kwa kishikio cha bisibisi na kusikiliza mlio wake, hasa nyuma, pale inapopinda kuupisha mhimili. Mustang ya Ford na magari ya Dodge na Plymouth hayana chesisi ya kujitegemea, bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, kwa hiyo huko kutu ni hatari zaidi. Kazi hii mpe mzee aiongoze. Baba alijua mahali pa kutazama kwa sababu gari lake la kwanza lilioza mbele ya macho yake, na katika saa moja chini ya gari la mtu asiyemjua nilijifunza mambo ambayo hakuwahi kuniambia tukiwa sebuleni.

Jambo la fedha lina adabu yake. Katika nyumba zetu nyingi za ughaibuni kuna karo za watoto wa ndugu, kuna nyumba inayojengwa nyumbani, kuna matibabu ya bibi, na gari la kujifurahisha linaweza kuonekana kuwa anasa ya watu waliosahau kwao. Zungumzeni na mama kwanza, mweke kiwango cha fedha ambacho hakitagusa majukumu hayo, na kiwango hicho kiheshimiwe hata likitokea gari zuri kiasi gani. Mzee naye asifanywe kama mtoto anayenunuliwa zawadi. Mwombe shauri, mpelekee picha za magari mawili matatu, kisha umwache achague, maana gari alilochagua mwenyewe atalitetea na kulihangaikia.

Baada ya kununua, fedha ya kwanza iende kwenye breki. LeMans yetu ilikuja na breki za dramu kwenye magurudumu yote manne, nazo hupoteza nguvu zikipata moto. Tulifunga breki za diski mbele, zenye kisaidizi kinachopunguza nguvu ya kukanyaga, na miguu ya baba ilishukuru. Magari yaliyoundwa kabla ya mwaka 1967 mara nyingi yana masta ya breki (pampu kuu inayosukuma mafuta ya breki) yenye njia moja tu, kwa hiyo bomba moja likipasuka breki zote hupotea. Badilisheni hiyo bila mjadala. Fungeni pia mikanda inayopita begani. Wapo wapenzi watakaowaambia kwamba mnaharibu uasilia wa gari, lakini mimi hupima kwa mtu aliyeketi ndani yake.

Kuhusu oili, msimimine yoyote iliyo kwenye punguzo. Kamshafti za injini hizi, yaani vyuma vinavyozunguka na kufungua vali, husuguana moja kwa moja na tapeti zisizo na rola, na oili nyingi za kisasa zimepunguziwa zinki na fosforasi ili kulinda vifaa vya kusafisha moshi, kwa hiyo tafuteni iliyoandikwa kuwa ni ya injini za zamani. Badilisheni pia mabomba yote ya mpira yanayopitisha petroli, kwani petroli ya leo yenye ethanoli huyala yale ya zamani, na petroli inayovuja juu ya injini ya moto si jambo la kusubiri.

Michigan hutoa kibao cha nambari cha gari la kihistoria ambacho huruhusu matembezi ya maonyesho na ya klabu, na katika mwezi wa Agosti huruhusu kuliendesha kama gari lolote. Agosti ndio mwezi wa Woodward Dream Cruise, msafara mkubwa wa magari ya zamani, iliyoanza mwaka 1995 na hufanyika Jumamosi ya tatu katika barabara ya Woodward, inayotoka Detroit hadi mji wa Pontiac. Ushauri wangu ni kwamba mwende siku za wiki kabla ya Jumamosi hiyo, jioni, wakati barabara bado inapitika. Siku yenyewe foleni haisogei, na injini kubwa yenye radieta iliyochoka itachemka mbele za watu.

Mwisho, mwulizeni mzee angali na nguvu gari litakuwa la nani, naye aseme mbele ya watoto wote. Baba alisema letu litakuwa langu na la dada yangu kwa pamoja, kwa sharti kwamba kaka yetu aruhusiwe kuliendesha kila akija, na majina yetu yakaongezwa kwenye hati ya umiliki. Sasa ananifundisha kurekebisha kabureta kwa sikio, nami huandika kila anachosema katika daftari linalokaa ndani ya gari, pamoja na risiti zote na nambari za spea.