Muulize Shangazi: CHF ninayo, mbona bado naambiwa nilipe keshi?

SWALI: Shangazi shikamoo. Niko Pongwe hapa Tanga, mama yangu ana miaka 63, ana presha na sukari. Mwaka huu kakata CHF, hii bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, yake yeye na wajukuu, 30,000, tukaona sasa tumepumua. Juzi kichwa kikamshika nikampakia kwenye bodaboda mpaka hospitali moja kubwa mjini, kufika dirishani naambiwa bila barua ya rufaa kadi haifanyi kazi, nilipe keshi au nirudi kituo cha afya. Nimelipa ila roho inaniuma. Sasa hii bima ni ya nini?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na mama. Hasira zako nazielewa, na waliowauzia kadi walitakiwa wawaambie hili siku ileile mnatoa hela. CHF iliyoboreshwa, hii ya kuanzia 2018, kaya ya watu 6 ilipangiwa kuchanga 30,000 kwa mwaka na matibabu yanafika mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa huku kwetu ndo Bombo, ila kule juu unapanda kwa barua. Unaanzia zahanati au kituo cha afya, wakishindwa wanakuandikia rufaa, afu kadi inaenda na wewe.

Na mi nakwambia kwa presha na sukari kuanzia kituo cha afya wala sio kuonewa. Huo ni ugonjwa wa kila mwezi, sio wa siku moja. Mama anatakiwa apimwe presha, atobolewe kidole acheki sukari, apewe dawa zake, na namba ziandikwe kwenye daftari lake la kliniki, maana daktari akifungua akaona miezi mitatu presha inacheza 160 hatamrudishia dawa zilezile, atabadilisha au atampandisha juu. Ukimpeleka leo huku kesho kule kwa kikaratasi, kila daktari anaanza upya na mama anabebeshwa vidonge vya aina mbilimbili. Kwahiyo mpeleke hapo hapo Pongwe kituo cha afya akiwa mzima, uliza siku ya kliniki ya presha na sukari, daftari lisipotee. Dawa ikikosekana usiondoke kimyakimya, nenda kwa mganga mfawidhi, yule mkuu wa kituo, umuulize, hiyo ni haki yenu mmeshailipia.

Ila nisikilize hapa: mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukilegea, au maneno yakawa hayaeleweki, hapo hamna cha barua wala kadi, mkimbize hospitali muda huohuo, hata dakika zina maana.

Lingine, sera ya afya ya 2007 ina msamaha kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Kama mama hana kipato nenda kwa mtendaji wa mtaa, afu ustawi wa jamii pale hospitali. Na kabla ya kulipia mwaka ujao uliza kwanza vifurushi vimekaaje, maana Bunge lilishapitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote 2023 na mambo yanabadilika.

SWALI: Shangazi, mke wangu ana mimba ya miezi 8, tuko ndani ndani huku Maramba, usiku gari hamna. Uchungu ukimshika saa nane nafanyaje?

JIBU: Piga 115, ni bure, ndo namba ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Anayepokea atakuuliza hali ya mgonjwa na mlipo, ataita ambulansi, kama iko mbali anampigia dereva wa hukohuko kwenu aliyesajiliwa, na nauli yake inalipwa na serikali, sio wewe. Isevu leo kwenye simu yako na ya mkeo, na ya jirani pia. Na kadi ya kliniki ikae kwenye kibegi kimoja na kanga za mtoto.