Kabla hujamtukana mtu kwa ajili ya msanii wako

Vijana wana neno lao mtandaoni: stan. "Mimi ni stan wa huyu dada," anaandika, na anajivunia. Neno hilo limetoka kwenye wimbo wa Eminem wa mwaka 2000, kisa cha shabiki anayemwandikia msanii barua juu ya barua bila kujibiwa. Mwishowe anajirekodi akiwa kwenye usukani, amelewa, mpenzi wake mjamzito kamfungia kwenye buti, na gari linatumbukia kutoka darajani. Jina la huyo shabiki ndilo lililogeuka neno la kila siku, hadi kamusi ya Merriam-Webster ikaliingiza mwaka 2019.

Sisi tulikuwa na maneno yetu. Shabiki lialia. Kindakindaki. Mnazi, ukienda kwa watu wa Simba na Yanga. Kwenye muziki tukawa na timu: Team Kiba ya Alikiba, Team Mondi ya Diamond. Na wala ugomvi huu haukuanza na Instagram. Miaka ya 1990 mama zetu waligawanyika kati ya vikundi viwili vya taarab, TOT ya Khadija Kopa na Muungano ya Nasma Khamis, mipasho inarushwa jukwaani, watu wanainuka kutunza. Ila taarab ile ilikuwa na mwisho wake. Kukipambazuka mnarudi mtaani, mnachota maji bomba moja. Kwenye simu hakupambazuki.

Nilikaa kwenye timu miaka minne. Nilikuwa na ukurasa wa pili usio na jina langu wala sura yangu, kazi yake kutetea na kushambulia. Wimbo ukitoka saa sita usiku niko macho, bando nimeshanunua tangu jioni, video inacheza kwenye simu mbili nimezima sauti ili hesabu ya watazamaji ipande. Asubuhi nafungua kibanda cha vitenge macho mekundu.

Shoga yangu wa tangu darasa la pili alikuwa timu ya pili. Mwanzoni ulikuwa utani tu. Siku moja akaweka status akiicheka shoo ya msanii wangu, eti viti vitupu. Nilipandwa na hasira ambazo hata leo siwezi kuzieleza. Nikachukua mambo ya ndoa yake, aliyonieleza mimi peke yangu tukiwa jikoni kwake, nikayaandika kwenye ule ukurasa bila kumtaja. Alijua. Nani mwingine angeyajua? Nikampiga bloku kabla hajaniuliza.

Miezi saba baadaye mama yake akafariki. Mama yule kanilisha tangu mdogo. Sahani yangu pale kwao ilikuwa ya bluu, imemeguka ukingoni. Habari nilipewa na muuza mkaa, siku ya tatu. Nilipofika, turubai lilishashushwa, vijana wanahesabu viti vya kukodi. Shoga yangu alinitazama, akasogea, akanipa nafasi kwenye mkeka. Hakusema neno, nami sikuwa na la kusema.

Kwa hiyo nikikushauri, najua ninachokisema.

Kipimo changu ni hiki: ukisikia msanii wa upande wa pili kafiwa, kaumwa au kaachika, ukaona moyo wako umefurahi, weka simu chini siku hiyohiyo. Usisubiri kesho. Hapo hupendi muziki tena, unamchukia binadamu ambaye hujawahi kumpa hata mkono.

Halafu chukua daftari, uandike mwezi mzima. Bando, fulana, tiketi, na saa ulizolala pungufu. Mimi nilifikisha shilingi 38,000 za bando peke yake, mwezi ambao nilikopa ada ya mtoto.

Utaniambia, "Lakini namjua, ni kama kaka yangu." Hisia hiyo ni ya kweli, usiionee aibu. Horton na Wohl, watafiti wa Marekani, waliiandikia mwaka 1956, enzi za redio na televisheni: mtu akizungumza kana kwamba anakutazama wewe, moyo unampokea kama jirani. Sasa fikiria laivu, anapolitaja jina lako na kukupungia. Wewe unamjua, yeye anasoma majina yanayopita kwenye kioo.

Mwenye ukurasa wa kificho kama wangu, ufute. Kwa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaweka faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili, kwa anayemnyanyasa mtu mtandaoni. Mimi niliufuta usiku nilipotoka msibani, na sheria hata sikuwa naijua.

Muziki usiuache. Mimi sijauacha, na msanii wangu bado nampenda. Nikipata nauli na kiingilio naenda shoo. Na kama ni mwanao aliyezama huko, usimcheke wala usimnyang'anye simu. Kaa naye, mwambie akuwekee wimbo anaoupenda, usikilize mpaka mwisho.

Shoga yangu na mimi tunasalimiana sasa. Siri zake hanipi tena, na sidai. Mwezi uliopita alinitumia wimbo mpya wa msanii wake, bila maneno yoyote. Nikausikiliza mara mbili huku nakunja vitenge, nikamwandikia kwamba kiitikio kimenikaa. Kimenikaa kweli.